Fukusi wa Ziwani na Visiwa vya Tumboni: Hotuba kwa Wazazi wa Watoto Wenye Kisukari, Kisumu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwa wazazi na walezi wa watoto wenye kisukari, katika ukumbi wa kanisa hapa Kisumu. Mvua iliwazuia wengi wa upande wa Nyando na Ahero, nao wameniomba niiandike yote. Nimeiacha ilivyokuwa, mizaha ikiwemo. Michoro niliyoichora ubaoni nimeiacha huko huko ubaoni, mahali pake.

Amosou uduto. Hamjambo?

Hamjambo kweli? Naona mama mmoja pale nyuma ameitikia kwa mdomo tu, macho yako kwa mtoto. Tunafahamiana. Mzazi wa mtoto mwenye sukari hata akiwa mkutanoni, nusu ya akili yake iko kwenye saa.

Mimi si daktari. Nimefanya kazi ya maabara miaka 29, kazi ya kutazama damu za watu kupitia tundu la hadubini. Kwa hiyo leo sitawaambia mle nini. Mmeambiwa mle nini mpaka mmechoka. Nimekuja kujibu swali moja ambalo wazazi huniuliza koridoni, kwa sauti ya chini, baada ya kutazama huku na huku: "Nilimkosea nini mtoto wangu?" Ni chai ya sukari? Ni soda za Krismasi? Ni mtu alitutazama kwa jicho baya?

Jibu nalitoa sasa hivi, kabla chakula hakijaanza kunukia. Kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata zaidi watoto na vijana, hakiletwi na chai. Hakiletwi na soda. Kongosho la mtoto huharibiwa na chembe za mwili wake mwenyewe, zile zile zinazompigania kila malaria inapomwangusha. Mengine yote nitakayosema ni kueleza jambo hilo linawezekanaje.

Nianze nyumbani kwetu. Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa. Alianza kukonda, akawa anaamka usiku kunywa maji, na kukojoa, na kunywa tena. Akapelekwa zahanati, akapimwa malaria, ikaonekana. Akapewa dawa. Wiki iliyofuata hali ni ile ile, akarudishwa, akapewa dawa tena. Sikilizeni vizuri: kipimo hakikudanganya. Huku kwetu kandokando ya ziwa mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bado kinachomuua kikawa kitu kingine kabisa. Aliyegundua si mimi mwenye hadubini. Ni mama yangu, dani wa huyo mtoto. Asubuhi moja aliona sisimizi wamejipanga mstari kuelekea pale mtoto alipokojoa usiku, nyuma ya jiko. Akaniita kwa simu, akasema, "Wewe uliyesoma, niambie, sisimizi wanafuata nini kwenye mkojo?"

Nilinyamaza. Nilijua wanafuata nini.

Tulimfikisha hospitali akihema kwa nguvu, pumzi ikinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Sukari yake glukomita ilishindwa kuisoma, ikaandika tu kwamba iko juu. Leo yuko kidato cha tatu, ana ubishi kama wa baba yake. Lakini wale sisimizi sijawasahau, na ndiyo sababu nasimama mbele yenu.

Sasa tuingie tumboni. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kimelala, kirefu kama sentimita 15, kinaitwa kongosho. Kazi yake kubwa ni kutengeneza majimaji ya kusaga chakula. Lakini mwaka 1869, kijana wa miaka 21 huko Berlin, Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi, alitazama kongosho kwenye hadubini akaona vifundo vidogo vya seli zisizofanana na jirani zake. Aliandika alichoona, akakiri hajui kazi yake. Kidogo hicho tu, kukiri hujui, ningependa kukiona zaidi katika taaluma yetu. Baadaye vifundo vile vilipewa jina lake: visiwa vya Langerhans.

Visiwa! Nani hapa ametoka Rusinga? Mfangano? Basi ninyi mnanielewa upesi. Kongosho ni ziwa, na ndani yake kuna visiwa vidogo karibu milioni moja. Ukivikusanya vyote pamoja, havifiki hata sehemu mbili kwa mia za uzito wa kongosho. Katika kila kisiwa wanakaa wakazi wa koo mbalimbali. Ukoo mkubwa ni seli beta, hao ndio wanaotengeneza insulini. Jirani zao ni seli alfa, ambazo hupandisha sukari inaposhuka. Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu kama samaki waliovuliwa wakakosa gari la kuwapeleka sokoni: wamejaa ufukweni, na mjini watu wana njaa. Ndiyo maana mtoto anakonda huku damu yake imejaa chakula.

Sasa wavamizi. Mnakumbuka gugumaji lilipolifunga ziwa letu miaka ya 1990? Boti hazitoki, samaki hawaonekani, mbu wanafurahi. Wataalamu wakaleta fukusi, wadudu wadogo wenye asili ya kule kule gugumaji lilikotoka, Amerika ya Kusini. Wakulima waliposikia neno fukusi walishtuka. Fukusi? Tunayemjua sisi anatafuna mahindi ghalani! Lakini kabla wale wadudu hawajaachiliwa, walijaribiwa. Walifungiwa pamoja na mimea mingine, ya chakula ikiwemo, wakatazamwa: je, wakikosa gugumaji, watakula mazao ya watu? Walioruhusiwa ni wale ambao wangekufa njaa kuliko kugusa shamba. (Kama ni wao waliopunguza gugumaji au ni mvua za El Niño, muulizeni mvuvi yeyote pale Dunga, kisha tafuteni mahali pa kukaa maana jibu ni refu.)

Mwili wako hufanya jaribio hilo hilo. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inaitwa thaimasi, kubwa kwa mtoto, husinyaa tunapozeeka. Humo ndimo zinamofundwa chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Na humo seli T huonyeshwa vipande vya mwili wenyewe: hiki ni chako, hiki ni chako, hiki pia ni chako. Hata insulini huonyeshwa pale, kipande kwa kipande. Seli T inayorukia kipande cha mwenyeji kwa ukali huuawa hapo hapo. Nyingine hazifai kwa lolote, nazo hufa. Mwishowe zaidi ya tisa kwa kila kumi hazitoki hai. Hakuna mtihani wa taifa mgumu kama huo.

Lakini je, kuna mtihani usiovuja?

Baadhi ya seli T zinazotamani kula shamba hupenya. Kwa watu wengi hukaa kimya maisha yote. Kwa wachache, kwa sababu za jeni walizorithi, na pengine virusi fulani vya utotoni, na mambo mengine yasiyojulikana vizuri, huamka. Zinasafiri kwa damu hadi kwenye kongosho, zinapanda visiwani. Seli T muuaji hugusa seli beta, hutambua kipande cha insulini usoni pake, hutoboa utando wake, na kumimina ndani kemikali za kuiua. Inaiacha, inakwenda kwa nyingine. Na hapa ndipo pananishangaza hadi leo: seli alfa, jirani wa ukuta kwa ukuta, hubaki. Si moto unaochoma kijiji kizima. Ni watu walioingia na orodha ya majina.

Tulijuaje? Mwaka 1965 daktari Mbelgiji, Willy Gepts, alichukua makongosho ya vijana waliofariki muda mfupi baada ya kugunduliwa na kisukari, akayatazama. Katika zaidi ya nusu yao alikuta chembe nyeupe zimejazana ndani ya visiwa. Miaka tisa baadaye, 1974, wengine wakapata kwenye damu za wagonjwa kingamwili, yaani protini za kinga, zinazolenga visiwa hivyo. Leo tunajua kingamwili hizo huweza kuonekana miaka kadhaa kabla mtoto hajaanza kunywa maji usiku. Miaka! Siku ile unayoiita siku ugonjwa ulipoanza, kwa kweli ni siku visiwa viliposhindwa kuendelea kuvumilia. Soda ya Krismasi iliyotangulia ilikuta vita viko ukingoni.

Basi mtu atasema: kama ni hivyo, kinga ni adui. Hapana, msitoke hapa na neno hilo. Kuna chembe nyingine za kinga, makrofaji, ambazo hukaa ndani ya visiwa vya mtu mzima wa afya, tangu utotoni. Ni wafagiaji. Ukifika Kibuye alfajiri kabla soko halijachangamka unawaona watu wa aina hiyo, na usipowaona wiki moja utawajua kwa harufu. Hula seli zilizokufa, na husaidia visiwa kukua: panya waliozaliwa bila chembe hizo walikuwa na seli beta chache kuliko wenzao. Kwa hiyo kongosho lenye afya linawahitaji.

Na kuna wazee wa mtaa. Nitawasimulia. Huko Japani mtafiti Shimon Sakaguchi alijua kwamba ukimwondolea panya tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga yake huugeukia mwili wake mwenyewe. Ajabu, sivyo? Umeondoa kiwanda cha askari, na bado vita vimezuka. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda hicho hicho hutoa pia kundi la seli T ambazo kazi yake si kuua bali kutuliza. Akawachoma panya hao seli T za panya wenye afya, vita vikazimika. Mwaka 1995 aliweza kuzionyesha seli zenyewe. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata jeni inayozifanya ziwe hivyo, na mwaka 2025 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Mtoto anayezaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu huweza kupata kisukari akiwa na wiki chache tu, anyonyaye maziwa ya mama na si kitu kingine. Wiki chache! Nani atamlaumu kwa soda?

Sasa nisikilizeni, maana hapa pana pesa zenu. Mnajua zile chupa zinazouzwa sokoni na kwenye magari, "dawa ya kuongeza kinga"? Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Anayemuuzia mtoto mwenye kisukari dawa hiyo, muulizeni kwa upole: unaongeza kinga ipi? Ile ya wazee wa kutuliza, au ile iliyopanda visiwani na orodha ya majina? Akikosa jibu, rudisheni pesa mfukoni. Chanjo ni habari nyingine. Chanjo mtoto apewe zote.

Nakuja kwenye jambo ambalo nimelikuja hasa. Mtoto akianza sindano, wiki chache au miezi michache baadaye hutokea muujiza. Sukari inatulia. Dozi inashuka, inashuka tena. Kilichotokea ni kwamba seli beta zilizobaki, zilizokuwa zimezidiwa na kazi, zimepata msaidizi, zimepumua, zimeanza tena kutoa insulini. Wazungu wamekipa kipindi hiki jina la mapumziko ya maharusi. Sisi tuna neno letu tamu zaidi: fungate. Na fungate, enyi mliooa, ina mwisho.

Yupo kijana hapa kutoka Vihiga, amevaa jezi ya Gor Mahia, amenipa ruhusa nimseme. Alianza na dozi kubwa. Baada ya miezi miwili alikuwa anahitaji tone tu. Mjomba wake akaona: mtoto amepona. Wakamshukuru Mungu, na si vibaya kumshukuru Mungu, tuko nyumbani kwake. Lakini baada ya kushukuru wakatupa sindano na chupa chooni. Seli T hazikuwa zimeokoka. Ziliendelea na orodha yao. Wiki ya kumi kijana aliletwa kwa bodaboda katikati ya watu wawili, anahema kama aliyekimbia kutoka Maseno hadi Luanda. Siku nne hajitambui. Mjomba alilala sakafuni kando ya kitanda siku zote nne, na leo ndiye anayemnunulia insulini. Simama tukuone, kijana. Asante, kaa. Fungate ikija, furahini, punguzeni dozi kama kliniki itakavyosema, lakini sindano isikome. Nasema tena: sindano isikome. Hata kama ni tone, isikome.

Akina nyanya na akina babu wenye sukari ya ukubwani, aina ya pili, sijawasahau, ila yenu nitaipitia haraka. Kwenu hakuna orodha ya majina. Kwenu ni kama makapi ya mpunga yanayochomwa kule Ahero: hakuna ndimi za moto, ni moshi tu, siku baada ya siku, ukichokonoa ndani ni jekundu. Mafuta yakizidi tumboni, makrofaji hujazana humo na kutoa kemikali za uchokozi. Kemikali hizo huufanya mwili uwe mkaidi kwa insulini, na moto kama huo ukifika visiwani huzichosha seli beta polepole. Kutembea na kupunguza tumbo huumwagia maji moto huo. Ni wafagiaji wale wale wa Kibuye, ila wamefanyishwa kazi mahali palipojaa taka kupita kiasi.

Sasa lazima niwatibulie hadithi yangu nzuri. Haya yote ya seli T na kingamwili yalichunguzwa zaidi Ulaya na Marekani. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama wenye aina ya kwanza. Uganda, jirani, ukivuka Busia uko huko. Kiasi cha vijana 65 kwa kila 100 hawakuwa na kingamwili zile zinazotarajiwa. Hawana! Kwa hiyo inawezekana wengi wa watoto wetu visiwa vyao vilishindwa kwa njia nyingine, si kwa uvamizi niliowasimulia. Mimi niliposoma nilikaa kimya jioni nzima. Miaka yote nimekuwa nikiwasimulia wazazi hadithi ya fukusi, kumbe huenda kwa baadhi yenu si fukusi, ni ardhi yenyewe. Kinachobaki palepale ni hiki: vijana hao nao walihitaji insulini. Msimwache mtoto bila insulini kwa sababu mtu amesoma habari hii vibaya mtandaoni.

Na dawa ya kuzuia vita? Ipo moja, inaitwa teplizumab. Marekani iliiruhusu Novemba 2022. Hupewa mtu ambaye kingamwili zimeshaonekana na sukari imeanza kuyumba, lakini bado hajaugua. Huzilegeza seli T, ikachelewesha ugonjwa kwa wastani wa miaka miwili hivi. Miaka miwili bila sindano si kidogo kwa mtoto wa miaka minane. Bei iliyotangazwa ilikuwa karibu dola 194,000 kwa matibabu ya siku 14. Nimewasikia mkicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba insulini nayo mwanzoni ilikuwa ya mtoto mmoja tu, Leonard Thompson, miaka 14, aliyechomwa Toronto Januari 1922, na waliovumbua waliuza haki zao kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mmoja. Dola moja.

Kabla sijakaa, kuna karatasi imepitishwa hapa mbele. Nasoma: "Mwalimu, ugonjwa huu umetoka upande wa baba au upande wa mama? Nyumbani kuna maneno." Haina jina, ila mwandiko ni wa kiume, na naona bwana mmoja anatazama dari.

Bwana, jeni zinazoongeza hatari zinatoka pande zote mbili, na watu wengi wanazo bila kuugua maishani. Katika nchi zilizohesabu, karibu tisa kati ya watoto kumi wenye aina ya kwanza hawana hata mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo. Na ukitaka kujua habari ya mdogo wake: huko huko kwenye hesabu, kati ya ndugu 100 wa watoto hao ni watano au sita hivi wanaougua. Waliobaki hawaugui. Ukimwona mdogo mtu anaamka usiku kunywa maji, usisubiri sisimizi, mlete apimwe kidoleni, ni dakika moja.

Hayo maneno ya nyumbani, nadhani unajua ni nani unayepaswa kuketi naye jioni hii. Yeye sasa hivi yuko nje na mtoto, kwa sababu saa ya sindano imefika.